Kompyuta mpya: kununua leo au kungoja toleo lijalo?

Dada mmoja ninayemfahamu, mhariri wa video, aliniambia mara tatu ndani ya miezi tisa: "Kaka, acha kwanza, kadi mpya za picha zinakaribia kutoka." Wakati huo wote kompyuta yake ilikuwa inamtesa. Video ya dakika 20 ilihitaji saa mbili na nusu hadi iwe faili moja lililo tayari kumkabidhi mteja, na katika saa hizo hakuweza kufanya lolote jingine, kwa kuwa hata kufungua barua pepe kulikwama. Alikuwa amejifunza kuanzisha kazi usiku na kulala, akiomba umeme usikatike.

Siku moja nikakaa kando yake akiwa kazini. Tulifungua lile dirisha linaloonyesha jinsi kila sehemu ya mashine inavyotumika, tukaliweka pembeni ya skrini, akaendelea kuhariri. RAM, kumbukumbu ambamo mashine huweka kinachofanyiwa kazi kwa sasa, ilisoma asilimia 97. Diski ilisoma 100, mstari wake umeganda juu kabisa. Prosesa, ubongo wa kukokotoa, ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya 20 na 35. Kadi ya picha, ambayo kwa miezi tisa alikuwa akimngoja mrithi wake, ilisoma 9.

Alikuwa amengoja dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Mashine ilikuwa na RAM ya gigabaiti 8, na programu yake ya kuhariri peke yake ilitaka zaidi ya hizo. Tukaweka gigabaiti 32. Kazi ileile ikaisha kwa dakika 40 na kitu.

Nimekuwa nikikutana na hadithi hii kwa sura mbalimbali kwa miaka mingi, na ndiyo maana swali la "ninunue sasa au nisubiri?" siwezi kulijibu kwa neno moja. Ndani yake kuna maswali kadhaa yaliyosokotana: mashine yangu inakwama wapi, hicho kinachokuja kitagusa hapo inapokwama, bei itaelekea wapi, na kila mwezi ninaongoja unanitoa kiasi gani. Watu wengi huanzia swali la pili, kwa kuwa ndilo linalopigiwa kelele. Mimi huanzia la kwanza, kisha la mwisho, na mara nyingi yale ya katikati huwa yamekwisha kujijibu.

Zamani kungoja kulilipa

Tabia ya kungoja haikuzuka tu. Mwaka 1965 Gordon Moore, mmoja wa waliokuja kuanzisha Intel, kampuni ya prosesa, aliandika kwamba idadi ya vijenzi vinavyoweza kukaa kwenye chipu moja kwa gharama nafuu ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha makadirio yake, akasema kila miaka miwili. Mitaani watu wakashika kipimo cha katikati, miezi 18, na kwa muda mrefu kasi ya kompyuta ilikwenda karibu na mwendo huo.

Mwaka 1999 wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Arizona walipiga hesabu ninayoipenda sana. Walijiuliza: kama nina kazi kubwa ya kukokotoa, niianze leo kwa mashine niliyonayo, au nikae kwanza, ninunue baadaye mashine yenye kasi zaidi, kisha ndipo nianze? Kwa kasi inayoongezeka maradufu kila miezi 18, jibu lao lilikuwa miezi 26. Kazi fupi kuliko hapo, ianze leo. Kazi ndefu kuliko hapo, ngoja.

Chukua kazi ya miezi 40. Ukiianza leo utaimaliza baada ya miezi 40. Ukikaa miezi 11 bila kugusa kitu, mashine utakayonunua itakuwa na kasi mara moja na nusu ya ya leo, na kazi itachukua miezi 26. Jumla ni 37. Umepumzika karibu mwaka mzima na bado umemtangulia aliyeanza leo kwa takriban miezi mitatu. Katika dunia ya namna hiyo, mtu aliyesema "ngoja kidogo" alikuwa na hoja.

Sasa badilisha namba moja tu katika hesabu hiyo. Tuseme kasi inapanda kwa asilimia 15 kwa mwaka, yaani inachukua miaka mitano hivi kuwa maradufu. Ile miezi 26 inageuka kuwa miezi 86 hivi, zaidi ya miaka saba. Kazi yoyote iliyo fupi kuliko hapo, kila mwezi wa kungoja ni mwezi uliotupwa.

Kilichobadilika ni joto. Kwa miongo kadhaa, transista, swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu, ilipopunguzwa ukubwa, volteji yake nayo ilipungua, kwa hiyo wahandisi waliweza kupandisha kasi ya mapigo ya prosesa bila kuiunguza. Kati ya 2004 na 2006 njia hiyo iliziba. Transista zilikuwa ndogo mno kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na volteji haikuweza kushuka tena kwa mwendo wa zamani. Mwaka 2004 Intel iliachana na mpango wa kutoa prosesa ya Pentium 4 ya gigahezi 4, na kuanzia hapo sekta nzima ikageukia kuongeza viini, yaani sehemu za kukokotoa zinazofanya kazi sambamba, ndani ya prosesa. Viini vingi ni baraka kwa kazi inayogawanyika, kama kukamilisha video au kubana mafaili makubwa. Kwa kazi isiyogawanyika, kiini kimoja hubeba mzigo na vingine hukaa vikitazama.

Ndiyo sababu siku hizi kizazi kipya cha prosesa mara nyingi huja na nyongeza ya asilimia 10 au 20 katika kazi za kawaida, na mara nyingine hakiji na kitu. Oktoba 2024 Intel ilitoa prosesa za Core Ultra 200S za kompyuta za mezani, na waliozipima kwa michezo walikuta katika michezo mingi haziwazidi wakubwa wao wa mwaka uliotangulia, na katika mingine ziko nyuma yao. Aliyengoja mwaka mzima kwa ajili ya michezo alirudi na kikapu kitupu.

Miruko mikubwa bado hutokea, nisije nikaeleweka vibaya. Mwaka 2017 prosesa ya Ryzen ya AMD, mshindani wa Intel, ilileta viini nane kwa mnunuzi wa kawaida aliyekuwa amezoea vinne kwa takriban miaka kumi. Novemba 2020 Apple ilitoa chipu ya M1, na kompyuta mpakato isiyo na feni ikaanza kufanya kazi ambazo awali zilidai mashine nzito yenye kelele. Lakini aliyekuwa akingoja mwaka 2013 hakuwa na namna ya kujua kwamba mruko ungekuja miaka minne baadaye, na kutoka upande wa AMD ambayo wakati ule ilikuwa nyuma sana. Miruko hii haina kalenda, na huwezi kupanga kazi zako juu ya kitu kisicho na kalenda.

Mashine inakwama wapi?

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Fanya kazi yako ya kawaida, hasa ile inayokukera, huku dirisha la vipimo likiwa wazi pembeni. Usipime mashine ikiwa imetulia. Ipime wakati unaposema "hii kompyuta imeanza tena."

RAM ikijaa, mashine haizimiki. Huanza kuhamishia diskini vitu vilivyokosa nafasi, kisha kuvirudisha vinapohitajika, na hapo ndipo kila kitu hulegea. Ili uone kwa nini, linganisha muda wa kujibu. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, hujibu kwa mikrosekunde 100 hivi. Diski ya zamani ya kuzunguka, yenye mkono unaosogea kutafuta data, huchukua kama milisekunde 10. Namba hizi ni ndogo mno kuzihisi, kwa hiyo zikuze zote kwa kiwango kimoja: kama RAM ingejibu kwa sekunde moja, SSD ingejibu baada ya dakika 17, na diski ya kuzunguka ingejibu baada ya saa 28. Mashine yenye RAM iliyojaa na diski ya kuzunguka inamtuma mtu safari ya siku nzima kila inapohitaji kitu kidogo. Prosesa ya kizazi chochote kijacho haitaifupisha safari hiyo.

Kwa hesabu hiyohiyo utaona kwa nini kuhama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD kunabadilisha kompyuta nzima, ilhali kuhama kutoka SSD moja kwenda nyingine hubadilisha kidogo. SSD inayotumia njia ya zamani ya kuunganisha, SATA, husoma kama megabaiti 550 kwa sekunde, ile ya NVMe inayopita njia mpya zaidi ya PCIe 3 kama 3,500, ya PCIe 4 kama 7,000, na ya PCIe 5 hufika 14,000. Kwenye karatasi ni ngazi za kutamanisha. Lakini hizo ni namba za kusoma faili moja kubwa mfululizo. Kuwasha mashine, kufungua kivinjari, kufungua hati, ni kusoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo kinachoamua ni muda wa kujibu, ambao kati ya SSD hizo haupishani sana. Kama huhamishi mafaili makubwa kila siku, sioni sababu ya kungoja SSD ya kizazi kijacho.

Prosesa inadanganya kidogo. Mashine yenye viini vinne inaweza kuonyesha asilimia 25, ukadhani ina nafasi tele, kumbe kiini kimoja kiko 100 na vitatu havina kazi. Badilisha mwonekano uone kila kiini peke yake. Ukikuta kimoja kimegonga dari huku wenzake wamelala, unachohitaji ni kiini chenye kasi zaidi, na kuongeza idadi ya viini hakutakusaidia. Katika michezo, kama kadi ya picha iko chini sana ya 100 na bado picha zinakwama, mara nyingi prosesa ndiyo inayoshindwa kuilisha kadi.

Na kabla ya kununua chochote, angalia joto. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Niliwahi kufungua kompyuta mpakato ya miaka mitano ambayo mwenyewe alikuwa tayari ameiandika kwenye orodha ya vitu vya kuuza. Kati ya feni na mapezi ya shaba ya kutolea joto kulikuwa na vumbi lililoshikamana hadi likawa kama kipande cha blanketi. Nililitoa kwa kibanio likiwa zima, mraba mmoja wa kijivu wenye umbo kamili la tundu. Nikafuta gundi ya joto iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka mpya, nikarudisha skrubu kumi na moja. Ile mashine haikuuzwa. Kilichotumika ni bisibisi, gundi kidogo na saa moja.

Kungoja kwenye maana

Kuna kungoja ninakokuheshimu. Ni kule kwenye jina na tarehe: kitu fulani kimetangazwa rasmi, siku ya kuuzwa inajulikana, na kinagusa pale hasa mashine yako inapokwama. Kama zimebaki wiki sita, ngoja. Hata usipokinunua, kinapoingia sokoni huvuta chini bei za kile kinachoondoka. Januari 2024 Nvidia ilipoleta kadi ya picha ya RTX 4080 Super, bei yake rasmi ilikuwa karibu moja ya sita chini ya bei ambayo RTX 4080 ya kawaida ilianza nayo, na kadi yenyewe haikuwa duni. Aliyenunua wiki mbili kabla aliumia bila sababu.

Kungoja uvumi ni jambo jingine. Kampuni zina kila sababu ya kukaa kimya hadi dakika ya mwisho, na funzo lao ni la zamani. Adam Osborne aliuza Osborne 1 kuanzia 1981, kompyuta ya kwanza ya kubebeka kupata wanunuzi wengi. Mapema 1983 alianza kuzungumzia hadharani mashine zitakazofuata, na inasimuliwa kwamba wanunuzi waliacha kununua iliyopo ili wangoje mpya. Septemba 1983 kampuni ilifilisika. Waliofuatilia kwa makini husema kulikuwa pia na ushindani mkali na usimamizi mbovu wa fedha, na nadhani wako sahihi, ila kampuni nyingine zote ziliondoka na somo moja: usiseme kijacho kabla cha sasa hakijauzwa. Ndiyo maana pengo kati ya tangazo na tangazo hujazwa na fununu, na fununu hazina tarehe. Ukizifuata utangoja maisha, kwani kila kinapotoka kimoja, fununu za kinachofuata huwa zimekwisha kuanza.

Kuna pia kungoja kwa wiki chache baada ya kitu kutoka, ili watu huru wakipime. Hilo nalipendekeza karibu kila mara. Halikingi kila kitu: prosesa za Intel za kizazi cha 13 zilianza kuuzwa Oktoba 2022, lakini tatizo la volteji lililokuwa likizichosha baadhi yake na kuzifanya ziangushe programu lilieleweka vizuri mwaka 2024 tu, Intel ikatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Hakuna ambaye angengoja muda wote huo. Lakini matatizo mengi ya kizazi kipya, kelele za feni, programu za kuendesha kadi zisizokomaa, ubao mama (ule mkubwa unaounganisha sehemu zote) unaokataa RAM fulani, hujitokeza ndani ya mwezi wa kwanza.

Sababu nyingine ya kungoja ni soketi, na hii inawahusu wanaojenga kompyuta ya mezani. Prosesa hukaa kwenye soketi ya ubao mama, na ubao mama ndio unaoamua aina ya RAM. Ukinunua soketi iliyo mwisho wa maisha yake, mashine yako haitakuwa na njia ya kukua isipokuwa kwa kubadilisha prosesa, ubao na pengine RAM kwa pamoja. Ukinunua soketi changa, unanunua pia uwezo wa kuboresha baadaye. Ubao ninaotumia nyumbani niliununua 2017, wa soketi ya AM4 ya AMD, ukiwa na Ryzen ya kizazi cha kwanza. Mwaka 2022 nilisasisha BIOS, programu ya msingi iliyomo ndani ya ubao, nikang'oa ile prosesa, nikaweka ya familia ya Ryzen 5000, na kompyuta ikawa nyingine kabisa. RAM ileile, pawasaplai ileile, kasha lilelile. Soketi iliyofuata, AM5, iliyokuja Septemba 2022, inatumia RAM ya kizazi cha DDR5 pekee. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ilipokea vizazi vitatu vya prosesa, kuanzia Novemba 2021 hadi kile cha Oktoba 2023, kisha ikaja LGA1851 na mlango ukafungwa.

RAM yenyewe hubadilika kizazi kila baada ya miaka saba hivi. DDR3 ilikuja 2007, DDR4 ikaja 2014, DDR5 ikaingia kwenye kompyuta za kawaida 2021. Kijiti cha kizazi kimoja hakiingii kwenye tundu la kingine, pengo lake limesogezwa makusudi ili usikosee. Kwa hiyo mtu mwenye ubao wa DDR4 anayejiuliza kama aongeze RAM au angoje ajenge mashine ya DDR5, jibu langu hutegemea kitu kimoja: prosesa aliyonayo bado inamtosha? Ikiwa inamtosha, aongeze. RAM hiyo itamfanyia kazi kila siku hadi atakapojenga nyingine.

Bei haishuki kwa sababu tu umengoja

Imani kwamba kompyuta hushuka bei kila mwaka imewaumiza watu wengi, na naona inafaa niikalie kidogo.

Mwishoni mwa 2011 mafuriko makubwa nchini Thailand yalizamisha viwanda, vikiwemo vya Western Digital, katika nchi iliyokuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya diski za kuzunguka duniani. Ndani ya wiki chache bei zilipaa, nyingine maradufu. Kati ya 2020 na mapema 2022, kadi za picha ziliadimika: watu walikaa nyumbani wakati wa janga la korona na kuhitaji kompyuta, viwanda vya chipu vilielemewa, na juu ya hayo kulikuwa na wachimbaji wa sarafu za kidijitali walionunua kadi kwa makasha. Kisha tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum ukaacha kabisa mfumo uliohitaji kadi za picha. Kadi zilizotumika zikamwagika sokoni.

Na mwaka 2025 ukaja upungufu mwingine. Kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa mno ya RAM ya dunia nzima. Vituo vya data vya akili mnemba vilianza kununua kumbukumbu kwa wingi usio wa kawaida, hasa ile ya HBM inayopangwa kwa tabaka na kula silikoni nyingi zaidi kwa kila gigabaiti. Viwanda vikaelekeza uzalishaji huko. Kufikia mwisho wa mwaka, vijiti vya DDR5 vya kompyuta za kawaida vilikuwa vimepanda bei mara mbili na zaidi ya vilivyouzwa miezi michache tu nyuma, na Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, chapa ambayo wengi wetu tumeitumia kuongeza RAM na SSD nyumbani. Mtu aliyesema katikati ya mwaka huo "nitangoja RAM ishuke" alipoteza vibaya, na hakuwa mjinga. Alifuata mazoea ya miaka mingi.

Ukiyaweka matukio haya pamoja, utaona yako ya aina mbili. Mafuriko hukauka, viwanda hufunguliwa, na bei hurudi polepole. Hapo mwenye uwezo wa kungoja angoje. Mahitaji yakihamia kwa mnunuzi mpya mwenye fedha nyingi, hali ni tofauti, kwa sababu tiba yake ni kujenga viwanda vipya vya chipu, na kiwanda cha chipu huchukua miaka kujengwa na kuanza kutoa. Kabla ya kusema "bei itashuka," jiulize ilipanda kwa sababu gani.

Katika hali ya aina ya pili, mashine iliyotumika huwa na thamani kubwa kuliko tunavyofikiri. Kompyuta za ofisi za miaka minne au mitano, zinazotoka kwa mkupuo pale shirika linapobadilisha vifaa vyake, huja na RAM ndani yake tayari, na mara nyingi bei yake haijaifikia kasi ya soko la vijiti. Angalia afya ya SSD na betri, na kama ni mpakato, bonyeza kila kitufe.

Mpakato, na tarehe zisizokungoja

Kompyuta mpakato inahitaji ukali zaidi siku ya kununua. Nyingi za leo zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, na hakuna fundi atakayekuongezea kesho. Mac zote zenye chipu za Apple ziko hivyo. Kwa mashine ya namna hiyo, RAM unayoichukua dukani ndiyo utakayozeeka nayo, kwa hiyo kama fedha ni za kuchagua kimoja kati ya prosesa ya juu zaidi na RAM zaidi, chagua RAM. Gigabaiti 16 ndiyo sakafu ninayoikubali leo kwa mashine isiyoongezeka. Apple yenyewe, Oktoba 2024, ilipandisha RAM ya chini ya Mac zake kutoka gigabaiti 8 hadi 16.

Kisha kuna tarehe za programu. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya kuanzia kizazi cha nane cha Intel au ya AMD inayolingana nayo. Mashine nyingi zenye nguvu ya kutosha kwa kazi za ofisi ziliachwa nje ya mstari huo. Mwenye mashine kama hiyo anaweza kujiandikisha kwa marekebisho ya ziada ya usalama yaliyopangwa kufika Oktoba 2026, au kuweka mfumo wa Linux na kuendelea. Asichoweza ni kukaa miaka akifanya miamala ya benki kwenye mfumo usiopata viraka vya usalama, huku akingoja chipu nzuri zaidi. Kadhalika diski iliyoanza kugonga au kutoa mafaili yaliyoharibika: nakili data leo, badilisha leo.

Kila mwezi unakutoa kiasi gani?

Hesabu hii nimeifanya na watu wengi mezani, kwa kalamu. Kadiria dakika unazopoteza kwa siku kwa sababu ya mashine, zile ambazo umekaa ukitazama kiduara kikizunguka. Tuseme ni 20. Kwa siku 22 za kazi kwa mwezi ni saa saba na dakika 20. Kwa miezi sita ni saa 44, zaidi ya wiki nzima ya kazi. Sasa weka pembeni yake faida unayoitarajia kwa kungoja hiyo miezi sita, iwe punguzo la bei au asilimia 15 ya kasi, na uulize kama ungekubali kufanya kazi saa 44 bila malipo ili uipate. Wengine hukubali, kwa sababu mashine si ya kuwaingizia kipato. Na kama dakika zinazopotea ni mbili tu kwa siku, miezi sita ni saa nne na dakika 24. Huyo hana haraka yoyote. Ngoja kwa raha, ngoja hata miaka miwili.

Anayeamua kungoja namwomba aandike mambo mawili mahali atakapoyaona: anangoja nini, na hadi lini. Tarehe ikifika na kitu hakijatoka, ananunua kilichopo. Bila tarehe hiyo, miezi tisa hupita kama ilivyopita kwa yule dada.

Kadi alizokuwa akizingoja zilitoka hatimaye, wiki kadhaa baada ya sisi kuongeza RAM. Jioni ya siku hiyo nilitarajia simu yake, ikaja picha badala yake: skrini yake, kazi ikiwa inaendelea, dirisha la vipimo wazi pembeni. Chini yake aliandika, "Kaka, kadi yangu inafika 41 tu. Bado sana."